Siku Maiti Yangu Ilipokosa Mkono

Mimi siamini mizimu. Ni fundi bomba, nimeshatambaa chini ya nyumba za watu ambako hata paka hawaingii, na sijawahi kukutana na chochote.

Lakini Jumamosi ile ya Halowini, sikukuu ya kutishana na watoto kuomba pipi, saa kumi jioni, mkono wa baridi ulinikamata kutoka ndani ya boksi nililolisimamisha mwenyewe. Nusu saa kabla nilikuwa nimelichungulia. Lilikuwa tupu.

Nikapiga yowe mbele ya watoto kumi na moja. Kucheka mtacheka, ila nisikilizeni kwanza.

Naitwa Lyle. Mwezi wa sita nilimuoa Britta, nesi, mama wa binti mmoja wa miaka tisa anayeitwa Maren. Nikahamia kwao hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na begi la nguo na spana zangu.

Britta alinipokea kwa mikono miwili. Maren alininyamazia.

Hakuwahi kunitaja jina. Mezani akitaka chumvi alikuwa anamwomba mama yake, na chumvi iko mbele yangu.

Mwezi wa nane nikamsikia jikoni.

"Mama, na huyu ataondoka lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama vile anauliza basi la shule linapita saa ngapi. Kabla yangu walishapita wanaume wawili, wote waliapa wamefika, hawaondoki tena. Iliniuma, sitaki kudanganya. Nikajikausha, nikaenda kukata majani.

Sasa Maren alikuwa amealika wenzake wa darasani kwa sherehe ya Halowini. Asubuhi hiyo hospitali wakampigia simu Britta, zamu imepungukiwa na mtu.

"Tuahirishe?" akaniuliza.

"Nenda kazini mke wangu. Mchezo mmoja tu wa kutisha watoto, utanishinda?"

Maren alikuwa anasikiliza. Akamgeukia mama yake.

"Mwambie asiniaibishe."

Akapanda chumbani kwake na mlango akaufunga.

Mchezo wenyewe huku hauna mgeni. Unazima taa, unawafunga watoto vitambaa machoni, unawasimulia habari za marehemu fulani, huku wanapitishiana viungo vyake. Zabibu zilizomenywa ndiyo macho. Tambi za baridi zenye mafuta ndiyo utumbo. Mwisho kabisa ni mkono, yaani glavu ya mpira iliyojazwa maji na kugandishwa.

Nilimenya zabibu arobaini. Vidole hivi vya kukaza mabomba, namenya zabibu.

Kwenye glavu ndipo nilipoyavaa. Friza ilijaa aiskrimu, kwa hiyo usiku nikaining'iniza barazani. Huku kwetu mwisho wa mwezi wa kumi hakuna anayebabaika na friza. Soda tunaweka nje, hata supu tunaweka nje, asubuhi unakuta jiwe.

Usiku ule ukaamua kuwa na joto.

Saa tisa na nusu, wageni wanakaribia, nikaenda kuchukua mkono wangu. Nikakuta maji matupu. Naingia na glavu ndani, ikapasuka, jikoni kote chepechepe. Fundi bomba mzima nimeshindwa na glavu.

Nikiwa nimepiga magoti nadeki, nikainua macho. Maren kasimama kwenye ngazi, ananitazama. Akageuka akaondoka.

Nikajua nimeumbuka. Hapo nilimwona akiwa na la kumwambia mama yake: huyu naye hafai.

Watoto wakaja, nikawashusha chumba cha chini. Wakaniuliza Maren yuko wapi. Nikadanganya kwamba anajiandaa.

Mchezo ukaanza, na niwaambie ukweli, ulinoga. Macho yakapita, mmoja akajifuta mikono kwenye suruali ya mwenzake. Utumbo ukapita, wakapiga kelele mpaka nikaona raha.

Kulikuwa na mmoja mjuaji, anaitwa Tucker.

"Hizi ni zabibu," akasema.

"Zabibu gani ina mishipa?" nikamjibu. Akazirudisha haraka kwenye bakuli.

Tukafika kwenye jeneza. Ni boksi la hita ya maji nililotoka nalo kazini, refu kunipita, nimelisimamisha kwenye kona na kulitoboa tundu mbele. Mle ndimo ulimopaswa kuning'inia mkono. Mpango wangu ulikuwa niseme marehemu kaenda kuutafuta, kisha niwape keki.

Tucker kashafunua kitambaa chake cha macho, na wenzake wakafunua vyao.

"Humo hamna kitu. Ingiza mkono wewe kwanza."

"Ingiza! Ingiza!" wenzake wakadakia.

Nikaingiza.

Kitu cha baridi kikanishika kifundo cha mkono na kunivuta.

Jamani, nililia kama mbuzi. Nikarudi kinyumenyume, nikakanyaga bakuli la tambi, nikaenda chini mgongo mzima, utumbo wa marehemu ukanifunika kifuani.

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Tucker alishafika juu ya ngazi, ila alirudi mbio kupanga foleni. Kila mtu alitaka kushikwa, wengine mara mbili.

Alipokwisha wa mwisho, boksi likafunguka kwa nyuma. Akatoka Maren, jasho usoni, mkono mmoja mwekundu kwa baridi, mwingine umekumbatia pakiti ya njegere za friza.

Watoto wakamrukia kwa shangwe. Mimi nikabaki pale chini na tambi zangu, machozi yananilengalenga. Nikasingizia vitunguu, na vitunguu havikuwepo.

Wageni walipotawanyika kwenda kuomba pipi mitaani, tukabaki wawili jikoni tunaosha bakuli.

"Ulikaa mle muda wote?" nikamuuliza.

"Toka kwenye macho. Nilipita nyuma yako gizani."

"Kwa nini?"

Akainua mabega, akaendelea kufuta bakuli.

"Nilikuona unadeki. Ulikuwa unaongea na glavu."

Kweli nilikuwa naibembeleza.

Akaliweka bakuli kabatini. Bila kunitazama akasema, "Mwakani uigandishe kwenye friza, Lyle. Usiiweke nje."

Mwakani.

Nilizima bomba ili nisikie vizuri, lakini alishakwenda kuvaa koti lake la kwenda kuombea pipi.

Basi wewe uliyehamia kwenye nyumba ya mtoto asiyekutaka, usimdai jina wala salamu. Menya zabibu zako, na ukianguka, anguka akiwa anakuona.

Kuhusu glavu, nilijaza maji nyingine kesho yake asubuhi. Imo kwenye friza mpaka leo. Britta analalamika inambania nafasi ya nyama, na haitoki.