Usichomeke Matawi Kwenye Tovuti Yako

Siku ile nyapara alipotuamuru tukate matawi naikumbuka, mwanangu, kama vile naiona sasa hivi. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, nimetolewa Kabazi nikaletwa huku Elburgon, na baridi ya huku ilikuwa bado inanitoa machozi asubuhi. Zamani hizo, miti ikishakatwa na watu wa mbao, ile ardhi iligawanywa vipande humo humo ndani ya msitu. Unalima viazi vyako, na katikati ya viazi unapanda miche ya miti na kuitunza mpaka ishike. Miche ikikufa kwa uzembe, unanyang'anywa kipande. Watoto wa hapa wote walilelewa na viazi hivyo, usiambiwe vingine.

Mwaka huo jua liliunguza miche vibaya. Nyapara akasikia foresta, yule afisa wa misitu, anakuja kukagua, akaingiwa na woga wa kazi yake. Akapita shamba kwa shamba na koti lake refu, akituambia sisi wanawake, "Kateni matawi mabichi kule ng'ambo, mchomeke kwa yale mashimo. Foresta hafukui mizizi. Akiona kijani, anaenda."

Mimi nikachukua panga. Nani ningemuuliza? Nilikuwa mgeni. Lakini mama mkwe wangu, Nyakio, mwanamke mfupi ambaye sauti yake ilimtangulia popote alipokwenda, akanisimamisha njiani.

"Unaenda wapi na hilo panga?"

"Nyapara amesema, mama."

"Tukinyang'anywa kipande, nyapara ndiye atakuja kupika kwako mwaka ujao?"

Halafu akamgeukia nyapara mwenyewe, mbele ya watu. "Hapa kwangu palipokufa mche pana shimo, na litabaki shimo mpaka nipate mche mwingine. Foresta akiniuliza, nitamwambia ulikufa na jua. Yeye mwenyewe analijua jua."

Nyapara akacheka. "Mama, utafukuzwa wewe, na hawa wenye akili wabaki."

"Wacha nifukuzwe. Lakini hutaniona nikimwagilia kijiti maji kama mwendawazimu."

Foresta alikuja. Kwa wenzetu alipita akitingisha kichwa kwa furaha, kijani kila mahali. Kwetu alisimama, akamgombeza Nyakio mpaka nikaona aibu mimi. Nyakio hakuinamisha kichwa. Alimwonyesha mashimo, akamwonyesha na ile iliyopona, akamwomba miche mingine. Foresta akaenda zake. Mvua za kwanza zilipoanguka, akarudi, na safari hii hakumpigia mtu mbiu. Matawi yalikuwa yamekauka, kahawia tupu, mengine mbuzi wameyang'oa. Usiniulize wangapi walipoteza vipande. Sisi tulipewa miche, na kipande kikabaki chetu. Miti ile ilishakatwa kitambo. Paa la nyumba ninayoandikia haya ni mbao zake.

Nakuambia hayo kwa sababu ya mjukuu wangu Wairimu na mambo yake ya tovuti.

Nyuma ya nyumba tuna kitalu cha miche ya miti ya kienyeji, kwa majina yetu ya Kikuyu: mutarakwa, muiri, mukeu, mutamaiyu. Miaka yote mnunuzi wetu alikuwa mmoja, Baba Shiko, dalali mwenye pikapu. Anapakia, anashuka nayo Nakuru mjini, na huko anawaambia watu ni miche ya kitalu chake. Bei anataja yeye. Ukinung'unika anawasha gari. Wairimu aliacha kazi ya ofisi mjini akarudi nyumbani, akaona mambo hayo msimu mmoja tu, akasema, "Shosho, huyu hatabeba tena. Tutauza sisi wenyewe. Nitatengeneza website."

Baba Shiko aliposikia alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Na nani atawatafuta nyinyi, huku kwa ukungu? Mvua ikianza mtaniita. Na mkiniita, mama, tutaongea lugha nyingine."

Na alijua anachosema. Mche ukikaa kwenye mfuko mpaka mvua ipite, mizizi inajizungusha kama nywele zilizosukwa vibaya, na mti wa namna hiyo hata ukipandwa haufiki mbali. Kwa hivyo mambo yalikuwa wazi: watu watuone kabla ya mvua, ama kitalu chote kiingie kwa pikapu ya Baba Shiko kwa bei ya kudharauliwa, na Wairimu arudi mjini kuajiriwa.

Tovuti aliitengeneza mwenyewe, ikapendeza. Akaipa jina kubwa la Kiingereza la kuhusu kijani na suluhisho, sijui nini. Tukangoja. Kimya. Alikuwa akiandika jina letu kwa simu, mahali pale watu wanapotafutia vitu, na simu inamletea rangi za nyumba, dawa za kuosha vyoo, kila kitu isipokuwa sisi. Nikamuuliza, huo mtambo wa kutafuta unajuaje nani yuko wapi? Akanieleza vizuri. Una wapelelezi wake wasioonekana, wanapita mtandaoni wakisoma ukurasa mmoja baada ya mwingine. Wakikusoma, mtambo unakukumbuka, na mtu akiuliza kitu unachouza, unakutaja. Usiposomwa ni kama hujazaliwa. Na hata ukishasomwa, wanarudi tena, na hawasemi lini.

"Kumbe ni foresta," nikamwambia.

Tukaenda Nakuru, kwa kijana mmoja anayesemekana anajua kazi hiyo. Deno. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kuliko kuta za hospitali.

"Niaje mathe, karibuni. Hiyo kitu ni rahisi. Wiki moja mko juu kabisa."

"Kwa njia gani?" nikauliza.

Wairimu alinibana mkono ninyamaze. Sikunyamaza. Mimi sijasoma sana, lakini mtu akiniuzia kitu lazima anieleze.

Deno akaeleza. Atachukua maneno ya kitalu kikubwa kinachojulikana ayabandike kwetu, abadilishe jina tu. Chini ya ukurasa ataandika majina ya miji yote ya Kenya na miti yote, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. "Watu hawaoni, mathe. Mtambo peke yake ndio unaona." Halafu ana tovuti zake nyingi, haziuzi chochote, hazina msomaji, kazi yake ni kutusifu sisi. Mtambo ukiona tunasifiwa hivyo utadhani sisi ni wakubwa.

"Na mtambo ukigundua?"

Akainua mabega. "Wakati huo mtakuwa mmeshauza, shosho. Mvua ni ya wiki chache tu."

Nilisimama. Nilisikia kabisa lile koti refu likipita katikati ya viazi. "Kijana, mimi nina mti wa kweli, umeota, una mizizi nimeilea na mikono hii. Unataka nikauze kwa kuchomeka matawi? Wairimu, inuka."

"Shosho, keti..."

"Inuka twende nyumbani!"

Tulipofika akalia, tena kwa hasira. "Umeniharibia. Wewe unajivuna, na mimi ndiye nitaandika barua za kuomba kazi. Baba Shiko atakuja hapa atucheke usoni."

"Wacha acheke. Meno ni yake."

"Na miche ikioza?"

"Ikioza nitaoza nayo. Lakini haiendi kuuzwa kwa uongo mara ya pili. Si hilo ndilo ulimkasirikia Baba Shiko?"

Hapo akajifuta machozi. Akakaa na mashine yake kwa hasira ile ile, akaikagua tovuti kama mtu anayetafuta chawa kwenye shati. Na akapata. Wakati anaijenga alikuwa ameweka alama ya kuwazuia wale wapelelezi wa mtambo wasiingie, ili wasiikute haijaisha. Akaisahau. Yaani sisi wenyewe tulikuwa tumefunga lango, tukakaa ndani tukilia hatutembelewi! Akaitoa ile alama. Mtambo una mahali pake ambapo mwenye tovuti anajitambulisha, bure bila kumhonga mtu, akajiandikisha hapo na kuonyesha kurasa zetu zote.

Baada ya siku kadhaa akaandika lile jina letu kubwa, tukatokea. Akaruka jikoni, akamwaga uji. Halafu furaha ikamwisha ghafla, akakaa chini.

"Shosho, hili jina nalijua mimi na wewe tu. Nani mwingine ataliandika?" Akafikiri. "Hebu niambie, watu wakifika pale langoni husema nini?"

Nikamwambia. Hakuna aliyewahi kufika langoni akaomba suluhisho. Wanauliza, mko na mutamaiyu? Kuna mti gani unavumilia ukavu? Mukeu unafaa nyuki? Muiri unachukua muda gani? Akaanza kuandika. Kila mti akaupa ukurasa wake, na jina lake la juu likawa jina la mti, kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kama lipo, na kwamba unapatikana Elburgon. Chini yake akaniuliza maswali, nikajibu, akaandika kama nilivyosema. Mutamaiyu unakua polepole, mwenye haraka asinunue. Mbuzi wanaupenda, weka ua. Picha alipiga hapa hapa, na matope yetu yakionekana. Alitaka kuyafuta, nikakataa.

Tena akasema mtambo unamwamini mtu anayetajwa na wengine. Sawa, nikamwambia, basi tutajwe na wanaotujua. Dada yangu kule Kabazi yuko na kikundi cha akina mama wa nyuki, wana ukurasa wao, na mikeu yao yote ilitoka kwetu. Wakaandika ilikotoka na kuweka njia ya kufika kwenye tovuti yetu. Kanisa moja la hapa lililopanda mitarakwa yetu likafanya vivyo hivyo. Wale ambao hawajawahi kununua kwetu hatukuwaomba. Ni wachache waliotutaja, mwanangu, usidhani ni kijiji kizima. Lakini kila mmoja wao ungeweza kwenda ukaugusa mti wake.

Mvua ikaja. Jioni ya kwanza ilipiga mabati, na bado hakuna aliyepiga simu. Asubuhi nikasikia pikapu. Baba Shiko hakuzima hata injini. Alisimama katikati ya lango, ametoa kiwiko nje.

"Mama, nilikuambia. Leteni miche tupakie, tusichukiane."

Nilimwangalia Wairimu. Alikuwa ameshika toroli, macho mekundu, na nikajua kwamba hata yeye sasa ananingoja mimi niseme neno.

"Hatupakii," nikasema.

"Mtaifanyia nini? Mtapika?"

"Tutaipanda hapa ukutani mpaka nyumba ipotee. Hatupakii."

Sitakudanganya kwamba simu ililia wakati huo huo kama kwenye sinema. Baba Shiko alikaa pale, akanisema, akanitukana kwa upole, akanionea huruma, akavuta sigara. Ndipo simu ikalia. Wairimu akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa na matope.

"Halo, ni kwa wenye mutamaiyu? Mimi ni mwalimu, huku karibu na Olkaria. Shule yetu ni kavu, tumepanda miti ikakufa. Nilikuwa natafuta kwa simu mti wa kienyeji wa kuvumilia ukavu, nikawaona. Mlikuwa chini chini huko, ukurasa wa pili. Lakini ni nyinyi tu mmesema niweke ua wa mbuzi. Wale wengine hawajui kama mbuzi wako duniani. Mko nayo kweli?"

"Tuko nayo," Wairimu akasema.

"Naweza kuja na lori ya shule leo? Mvua isinipite."

Nikamgeukia Baba Shiko. "Toa gari yako langoni. Kuna mtu anaingia."

Msimu huo hatukuuza yote. Mingine niliihamishia mifuko mikubwa, mgongo ukaniuma, na sikujuta. Mwalimu aliandika kuhusu miche yetu kwa ukurasa wa shule, kwa hiari yake. Leo ukitafuta mutamaiyu hatuko tena ukurasa wa pili. Tulipo, tutabaki, maana wale wapelelezi wakirudi bila taarifa watakuta kile kile tulichosema.

Kwa hivyo, mwanangu, wewe unayeanzisha kitu chako kipya na dunia imekunyamazia, nisikilize. Kwanza hakikisha hujajifungia lango mwenyewe. Jitambulishe pale panapotakiwa. Sema unachouza kwa maneno ya mtu anayekihitaji, achana na maneno ya kujipamba. Omba utajwe na wale uliowatendea, na kama bado hujamtendea mtu, nenda ukamtendee kwanza. Akija mwenye viatu vyeupe akuahidi wiki moja, mwulize njia, na njia yenyewe ikiwa ni ya kumficha mtu kitu, inuka, hata kama uliyeandamana naye anakubana mkono. Wacha wakucheke. Shimo lako likiwa wazi, liache wazi mpaka upate mche.

Njoo karibu nikutemee mate kifuani kukubariki, kama Nyakio alivyonibariki mimi. Uonekane. Uitwe kwa jina lako, si la mwingine. Atakayekutafuta akukute, na akikukuta asijute safari yake. Na mvua ikufikie ukiwa umesimama langoni kwako mwenyewe.