Pacha wangu alikuwa na bima, mimi sikuwa nayo: tulivyogawana dawa moja ya ini

Wakuu, salamu kutoka Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora.

Mimi huwa nasoma tu humu. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na mara nyingi nikifika nakuta mmeshasema yote.

Lakini wiki hii nimeusoma ule uzi wa bei za dawa na hataza, yaani ile haki ya kampuni kutengeneza dawa peke yake kwa miaka kadhaa. Nimeusoma mpaka mwisho. Mmoja anasema kampuni za dawa ni wauaji. Mwingine anasema bila faida hakuna atakayehangaika kutafuta dawa mpya. Wa tatu anataka serikali ibebe yote, wa nne anamjibu kwamba ikibeba tutakuta rafu tupu.

Sina la kuwafundisha. Nina jambo lililonipata. Sitatia chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni Doto. Kulwa wangu tumemzika mwaka huu, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Kwetu pacha wote ni Kulwa na Doto, kwa hiyo hapo sijamtaja mtu.

Kulwa alinitangulia kuzaliwa kwa dakika chache, na dakika hizo alizitumia maisha yake yote. Nikifika kwake mjini, kabla sijashuka kwenye baiskeli, ananiambia mbele za watu:

"Wewe mtoto, shikamoo iko wapi?"

"Ulitolewa kwanza kwa sababu ya fujo," namjibu. "Mimi niliachwa nipumzike."

Basi tumemaliza kusalimiana.

Kuna jambo moja mlijue mapema. Kwetu pacha hapewi kitu peke yake. Ukimnunulia Kulwa shati, la Doto liwe mkononi. Ukimchapa mmoja, na mwenzake anaonja. Wazee wanasema ukimpendelea mmoja, mwingine atanuna na kuondoka duniani. Mama yetu alilishika hilo mpaka tukaota ndevu. Hata nilipooa kabla ya Kulwa, yeye alipewa mbuzi wa kumtuliza.

Kulwa alikuwa dereva wa ofisi moja mjini, ana bima ya afya ya kazini. Mimi ni mkulima: karanga, mahindi, na mpunga kidogo kule mbugani.

Ugonjwa tuliujua kwa bahati. Kulwa alikwenda kumtolea damu mke wa mfanyakazi mwenzake, akaambiwa damu yake haifai, ana homa ya ini, ile B. Wakamwambia ndugu wa damu nao wapime. Nikapima, ninayo. Mama akapima, anayo, ila yeye ilikuwa haijamdhuru. Daktari akasema inaelekea tuliipata siku ileile ya kuzaliwa, wote wawili.

Mama alijua hapo kwamba tuliipata kwake.

Daktari alitueleza vizuri tu. Ini la Kulwa lilikuwa limeanza kukakamaa. Langu limeguswa, lakini bado. Kila mmoja anywe kidonge kimoja kila siku, huenda maisha yote, na asiruke.

Tukaenda pamoja dirishani kwa dada wa dawa. Kulwa akatoa kadi, akapewa kopo. Mimi nikaambiwa bei. Kopo la mwezi mmoja lilikuwa linakula karibu karanga zangu zote za kuuza mwezi huo.

Kulwa akanipeleka kwa karani wa bima kuuliza kama bima yake inaweza kunibeba. Fomu ilikuwa na nafasi ya mke, watoto na wazazi.

"Na pacha?" akauliza.

"Ndugu hawaingii, kaka," akajibu yule karani.

"Huyu nimelala naye chumba kimoja miezi tisa. Huyo mke unayemtaka wewe nimemkuta ukubwani."

Karani alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaturudishia fomu.

Yule dada wa dawa naye alikuwa mtu mwema, nataka mlijue hilo. Alituambia dawa hii zamani ilikuwa mali ya kampuni moja, bei yake haishikiki. Baadaye kampuni nyingine zikaruhusiwa kuitengeneza, bei ikaanguka sana.

"Imeshuka sana, kaka yangu," akasema. "Ila haijashuka mpaka ulipo wewe."

Akaniambia pia, bila kunificha, kwamba dawa hiyohiyo imo ndani ya kidonge wanachopewa bure wenye virusi vya Ukimwi, dirisha la upande wa pili. Ile imeletwa kwa ajili yao. "Nikikupa wewe, nimeiba."

Wakuu, sisemi wale wapunguziwe. Kuna jirani yangu yuko hai kwa ajili ya dirisha lile. Nasema tu kwamba nilisimama pale, dawa ninayoitaka iko hatua kumi, na kila mtu aliyeninyima alikuwa sahihi.

Nilinunua mwezi wa kwanza, nikanunua wa pili. Mvua ikakata mapema, karanga zikatoka makapi. Nikaacha. Sikumwambia mtu.

Kulwa aliligundua. Alikuja nyumbani Jumapili, akaomba nimwonyeshe kopo langu. Nilikuwa nimeweka mbegu za bamia ndani.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini, akauliza kuna nini. Kulwa akamweleza. Mama hakufikiri hata kidogo.

"Lete lako," akamwambia Kulwa. "Hamkuzaliwa siku mbili. Mmoja hawezi kula mwenzake anamwangalia mdomo."

Tangu siku hiyo tukawa tunapokezana. Leo yeye, kesho mimi. Kila baada ya wiki mbili napanda baiskeli mpaka mjini kuchukua fungu langu kwenye karatasi.

Niwe mkweli: sikukataa. Nilijiambia nusu ya dawa ni bora kuliko kukosa. Nilijua daktari alisema tusiruke. Kulwa alijua pia. Lakini tuliona kama tunamdanganya daktari, hatukuona kama tunalidanganya ini.

Baada ya mwaka na zaidi, vipimo vya Kulwa vikarudi vibaya. Virusi vimepanda. Nilikuwa nimemsindikiza, nimekaa pembeni yake.

"Unakunywa kila siku?" daktari akauliza.

"Kila siku, daktari."

"Huruki hata siku moja?"

"Hata Pasaka nakunywa."

Mimi nilikuwa naangalia sakafu.

Daktari akawa anajiuliza imekuwaje. Mwisho akaona pengine dawa hii imeshindwa, akaandika barua ya dawa nyingine, mpya zaidi. Hiyo mpya bado ilikuwa ya kampuni moja tu huko nje, hataza haijaisha. Bima ikasema haipo kwenye orodha yake.

Hapo ndipo nilipoandika komenti yangu pekee humu ndani. Niliwaita wale watu wa kampuni majambazi, nikaitukana na serikali kwa kuwaangalia. Mlinipa likes nyingi kuliko nilivyowahi kupata kitu chochote. Nilikuwa na uchungu wa kweli. Ila sikuandika kwamba dawa ya kwanza hatukuwahi kuinywa inavyotakiwa. Komenti ile ilikuwa ukweli nusu, kama dawa yetu.

Nikauza maksai wangu wawili wa kulimia. Ndugu mmoja aliyeko Dar akatutafutia kopo moja la dawa mpya.

Kulwa aliliweka mezani kwa mama. Mama akaniangalia.

Hilo nalo tuligawana. Lilipoisha, tukarudi kwenye ile ya bima.

Miezi michache baadaye tumbo la Kulwa likaanza kujaa maji, na macho yakawa ya njano. Alilazwa. Siku ya tatu nilimsubiri daktari nje ya wodi, nikamwambia kila kitu.

Nilitegemea anigombeze. Alichomeka kalamu mfukoni, akakaa kwenye benchi kando yangu.

"Mbona hamkuniambia?" akasema. "Ningekuandikia uende ustawi wa jamii, wakuangalie kama unastahili msamaha wa matibabu."

"Wangenipa?"

"Sijui. Wapo wanaopewa, wapo wanaorudishwa. Lakini tungejaribu."

Nikamuuliza kama ni sisi tunaomuua. Akasema ini la Kulwa lilikuwa limeharibika tangu mwanzo, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika angekuwaje kama angekunywa zote. Ila kuruka dawa kwa ini kama lile ni hatari, hakunificha. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, maana sisi tulimdanganya.

Kulwa alikata roho siku tano baadaye, asubuhi, mkewe akiwa ameenda kuchukua uji.

Katika ukoo wetu pacha aliyebaki halii kwa sauti. Watu walilia, mimi nilikaa kwenye mkeka nikiwa kimya. Waliokuja kunipa pole walidhani nina moyo mgumu.

Baada ya arobaini, shemeji yangu, mke wa Kulwa, alikuja na mfuko. Kulwa alikuwa amechukua dawa za bima za miezi mitatu kabla hajazidiwa. Alikuwa amemwambia, "Hizi mpe Doto zote."

Sikutaka kuzigusa. Daktari yule, nilipomrudia, alipima damu yangu, akaniambia nianze tena, na safari hii nisiruke. Ameniandikia na barua ya ustawi wa jamii. Bado nasubiri jibu lao.

Wakuu, asubuhi iliyofuata nilikunywa kidonge changu, kesho yake nikanywa kingine. Tangu nilipoacha kununua, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunywa siku mbili mfululizo. Nilikunywa kwa sababu mwenzangu hakuwepo wa kupokezana naye.

Nilichojifunza ni kidogo. Dawa ya mtu mmoja haitibu wawili, hata wakiwa wa tumbo moja. Daktari ukimdanganya, anatibu uongo. Na ukiandikiwa bei usiyoiweza, rudi ndani umwambie aliyekuandikia, usiondoke na aibu yako kimyakimya kama mimi.

Kuhusu kampuni, siwezi tena kuwaita majambazi, wala siwezi kuwatetea. Dawa hii wao ndio walioitafuta, na bei ilianguka siku wengine walipoachiwa waitengeneze. Yote mawili ni kweli. Kuhusu serikali, nimesikia mengi ya bima kwa wote, na naiombea ifike kabla makopo haya hayajaisha. Naomba tu atakayechora fomu akumbuke kwamba kuna watu walizaliwa siku moja.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya niandike.

Mama hakujua daktari alichoniambia. Nilikaa nalo muda mrefu. Niliona nikimwambia nitamuua, nisipomwambia nitakuwa namdanganya kila anaponiletea maji ya kunywea dawa. Mwezi uliopita nikamwambia. Tulikuwa tunapukuchua mahindi.

Hakuacha kupukuchua. Akasema, "Nililijua tangu tumbo lake lilipojaa."

Nikamwambia, "Mama, ungemwacha Kulwa anywe peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa na hali mbaya."

Ndipo akaacha. Akaniangalia, hana hasira.

"Doto, mlikuwa wawili mbele yangu, na kopo moja. Ulitaka nimnyime nani?"

Nikachukua hindi jingine, nikaendelea kupukuchua. Mjadala wenu wa bei na hataza naufuata bado. Lakini atakayechangia hapa chini, awe upande wowote, naomba aanze kwa kumjibu mama.