Kitabu cha Pili cha COBOL

Baba alipopata kipande chake cha ardhi kule sehemu za Ziwa, kwenye shamba la mzungu ambalo watu wengi walichanga pesa wakalinunua, aliwagawia kaka zangu wote. Mimi akaniambia, "Wewe mama, shamba lako ni hiyo kazi ya mashine. Lima huko." Ilinichoma, lakini miaka ile msichana angepewa ardhi na nani? Basi nikaamua kulima kweli.

Nilikuwa nachapa kadi katika ofisi moja mjini Eldoret. Unapiga herufi, mashine inatoboa kadi, kadi zinapelekwa Nairobi kulishwa kompyuta. Waandishi wa programu walikaa huko huko. Sisi tulitoboa tu. Halafu tukasikia ofisi yetu itaajiri mwandishi wake wa programu, na atapatikana kwa mtihani. Nikajifunza COBOL, lugha ya kuandikia programu, peke yangu, kwa kitabu kimoja cha Kiingereza, nikakimaliza. Usicheze na mimi! Nilikijua hata nukta zake.

Taabu ikawa kitabu cha kufuata. Fundi aliyekuja kutengeneza mashine zetu aliniambia, "Dada, kuna kimoja chembamba kinachofundisha mafaili, jinsi kompyuta inavyoweka kumbukumbu na kuzisoma. Soma hicho, mtihani utatoka huko." Akaniandikia na jina la kitabu hicho. Lakini nilipofungua katalogi pale duka la vitabu, nikamwona mwandishi wa kitabu changu cha kwanza, yule yule, jina la kitabu lile lile, halafu mbele yake: Second Edition. Second nilijua ni ya pili. Edition nikadhani ni Kiingereza cha wakubwa cha kusema kitabu. Si shuleni tulisoma kitabu cha kwanza, kisha cha pili? Nani hubadilisha mwalimu katikati ya masomo? Nikaagiza hicho, na sikumuuliza mtu. Nimuulize nani! Mimi, msomi wa Ziwa!

Kililetwa na mzee mmoja Msomali aliyekuwa na lori za Nairobi. "Shika mzigo wako, binti yangu," akasema. "Dereva wangu ameupakata njia yote kama mtoto."

Nikafungua. Sura ya kwanza, kadi ni nini. Ya pili, nukta na nafasi. Nikaruka hadi mwisho. Ai! Ni kile kile! Kumbe edition ni toleo tu. Walikuwa wamesahihisha makosa ya chapa na kubadilisha rangi ya jalada, basi. Nilicheka peke yangu kitandani, halafu nikalia mpaka jirani akabisha kuuliza nani amekufa. Mtihani ulikuwa umeshakaribia, na kile chembamba kisingefika.

Maswali yote yalikuwa ya mafaili. Niliandika niliyoyajua, tena vizuri sana, ila hakuna aliyekuwa ameyauliza. Kazi ikaenda kwa kijana wa Nairobi, mpole, huwezi hata kumchukia. Baba hakunigombeza. Alikuwa ameshawatangazia watu sokoni kwamba binti yake yuko kitabu cha pili. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja siku hiyo hiyo na mpaka leo hayajaondoka.

Yule kijana alipoanza kazi, aliniletea programu yake ya kwanza, imeandikwa kwa penseli. "Dada, nisaidie kuichapa." Nikaichapa, kadi baada ya kadi, bila kosa hata moja. Nilipofika kwenye mafaili, vidole viliendelea tu. Sikuelewa kitu.