Fundi Sponji Apatana na Daktari

Mimi huuza makochi yaliyotumika, na hakuna kochi langu linalofika kwa mteja kabla ya kupita kwa Fundi Sponji. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya kazi. Mwenyewe ni mgumu kama mbao.

Alizoea kufanya kazi mdomo umejaa misumari midogo, anatoa mmoja, anagongelea, anatoa mwingine. Kwa hiyo hakuwa akila kitu mpaka alasiri. Vidole vilipoanza kuvimba viungoni, akanunua vidonge vya maumivu dukani, akavimeza asubuhi tumbo tupu. Vikamsaidia. Jirani akamwongezea vya rangi nyingine, naye akachanganya. Kumbe ni dawa za ukoo mmoja. Tumbo likiwaka moto, alisema ni njaa tu.

Siku moja akaanguka akivuta kitambaa. Mkewe ndiye aliyesema kwamba choo cha mumewe kilikuwa cheusi kama lami. Hospitalini wakakuta kidonda tumboni kinavuja damu.

Mwanawe mkubwa akaamua karakana ipangishwe.

"Baba, mikono imekwisha. Pumzika."

"Kilichotoboka ni tumbo," akajibu Sponji. "Habari za mikono niulize mimi mwenyewe."

Kidonda kilipopona nikamsindikiza kwa daktari, maana bila yeye makochi yangu yalikuwa yanajaa vumbi. Daktari akaeleza kuwa vidonge vile hutuliza maumivu na uvimbe, ila havirudishi kiungo kilicholika. Vikizoewa huweza kuumiza tumbo, figo, hata moyo. Kwa kidonda kile, na presha aliyonayo, asiviguse tena. Sponji akaanza kupatana.

"Basi kimoja kwa siku."

"Hapana."

"Nusu, nikishashiba."

"Mzee, hata ukishiba, damu inaweza kurudi. Hapa si sokoni."

Nikaona daktari huyu hashuki. Nikamuuliza ana nini kingine. Akatoa dawa ya kupaka, mazoezi ya vidole, maji ya vuguvugu kila asubuhi, na ushauri kuwa mpini wa nyundo uwe mnene ili asiukabe.

Sponji alinuna njia nzima. Kesho yake akauviringishia mpini vipande vya sponji. Nikamtafutia nyundo ya sumaku, inayoshika msumari yenyewe, na mdomo ukapata nafasi ya uji. Maumivu hayakuisha. Alfajiri za baridi aliitukana mikono yake kidole kimoja kimoja, akaikunja na kuikunjua, halafu akaanza kazi, taratibu.

Siku mwanawe alipomleta mpangaji kupima karakana, wakamkuta baba anapiga msumari wa mwisho wa kochi la kona. Mpangaji akaketi kidogo tu. Akaegemea. Akapapasa mshono, akasahau futi yake sakafuni, akauliza seti kama ile yeye angeipata lini.

Sponji akamwambia asubiri foleni. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Shika upande ule, tulitoe nje. Mteja wake anangoja."

Kijana akavua koti, akashika.