Ugomvi wa Deng Suhua na Mavi ya Panda

Deng Suhua hakupatana na mavi tangu utoto. Riziki nayo, kwa mzaha wake, ikampeleka kituo cha panda milimani Sichuan, kutunza mnyama anayekula mianzi kutwa na kuitoa kutwa, kana kwamba mdomo na upande wa pili vimewekeana dau.

Suhua hakushindwa. Bonge likianguka, koleo lake lililifikia kabla halijapoa. Kisha mpira wa maji, kisha dawa ya kuua vijidudu, kisha maji tena. Kibendera chekundu cha usafi, tuzo ya banda safi kuliko yote, kilining'inia kwenye banda lake mwaka baada ya mwaka, mpaka wenzake wakawa wanamwambia kwake mtu anaweza kumwaga wali sakafuni akaula. Walikuwa wanamkejeli, yeye akashukuru.

Shida ikaja na Maodou, mtoto wa panda aliyekuwa akiishi na mama yake, Yaoyao, bandani humo. Suhua alimpokea akiwa mdogo kama gunzi la mahindi, mwekundu, hana hata manyoya. Wakati wa kuzoea mianzi ulipofika, Maodou aliitafuna kwa bidii zote, lakini tumboni ikapita kama msafiri asiye na ndugu njiani: iliingia majani, ikatoka majani, imepakwa ute. Akaanza kukonda. Mkuu wa kituo, Bwana Xie, akatamka kwamba asipopata nafuu atapelekwa mjini akalelewe kwa chupa. Suhua usingizi ukamruka. Akafanya lile analolijua: akaongeza dawa sakafuni.

Daktari wa wanyama, Bibi Jiang, alipoingia bandani alipiga chafya kabla ya salamu. Akaeleza kwamba panda ni wa ukoo wa dubu, tumbo lake ni la mla nyama. Wazee wake walihamia kwenye mianzi, tumbo likabaki kwenye nyama. Kinachomsaidia kidogo ni vijidudu vya utumboni, na mtoto huvipata kwa mama yake, kwa kula kinyesi chake.

"Sasa Maodou anakila saa ngapi?" Suhua akauliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuuliza wewe, Dada Deng."

Nyumbani alimsimulia mama mkwe wake, akitaraji kuliwazwa. Bibi kizee alikuwa anaopoa kabichi kwa vijiti kwenye mtungi wa achari. Alicheka hadi akaweka vijiti chini.

"Mwanangu, ulipoolewa hapa ulikuja na maji ya achari ya mama yako kwenye chupa, ukaipakata njia nzima kama yai. Nani anaanzisha mtungi kwa maji ya bomba, bila chachu ya mtungi wa zamani? Mtoto wa mwenzio wewe umemwanzisha kwa sabuni."

Kesho yake Suhua alilitundika koleo. Yaoyao akaangusha bonge, likabaki pale, na Suhua akasimama mikono nyuma, jasho likimtoka kama anayeng'olewa jino. Maodou akalinusa, akalilamba, akala. Suhua akatazama mlima.

Ikawa hivyo hata wageni wa mkoa walipotangazwa. Xie alipita akiagiza kila banda ling'ae. Suhua akaitikia vizuri, kisha akafungua kishikio cha bomba akakitia mfukoni. Asubuhi wageni wakakuta uwanja kama soko la ng'ombe, na Maodou amezamisha uso kwenye kifungua kinywa chake. Mama mmoja akaziba pua kwa skafu.

"Dada Deng, hiki ni nini?" Xie aliuliza, amebana meno.

"Uji wa mtoto, Mkuu."

Xie alikitungua kibendera kwa mkono wake mwenyewe, akakipeleka banda la jirani, la bwana mmoja ambaye ufagio wake ulikuwa bado na karatasi ya dukani. Suhua alikiangalia kikiondoka kama mtu anayesindikiza jeneza.

Siku zikapita, hakuna lililobadilika. Lori la kumpeleka Maodou mjini likaoshwa tayari. Ndipo mchana mmoja Maodou akachuchumaa, akaangusha bonge lake mwenyewe: gumu, kijani, lenye umbo la kiazi kitamu, bila chembe ya ute, linanukia majani mabichi. Suhua akaliokota kwa mkono mtupu, akavuka nalo uwanja wote, akaingia kantini Xie na wenzake walipokuwa wanakula tambi.

"Dada Deng," Xie akasema, "watu wanakula."

"Na yeye kala, Mkuu. Tazama."

Akaliweka mezani, kando ya bakuli la Mkuu. Xie akasogeza tambi zake, akashika pua. Kisha akainama, akalitazama vizuri, na kumwambia dereva akaegeshe lori.