Kiti cha Fundi

Pale gereji kila mtu alimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, kwa sababu mdogo wake alizoea kumtaja hivyo mbele ya watoto wake na jina likaganda. Alikuwa akishona viti vya magari. Banda lake liliegemea ukuta wa gereji, na ndani yake mlikuwa na cherehani nzito ya meza ya chuma, marobota ya reksini, na harufu ya gundi ambayo haikumtoka nguoni hata akienda ibadani. Ukimpelekea kiti kilichobonyea, hakuuliza kilibonyeaje. Alikukalisha juu yake, akakutazama unavyoegemea, halafu akakuambia ni upande gani wa mgongo unaokuuma. Mara nyingi alipatia.

Mdogo wake, Mungu amlaze pema, aliitwa Kobe, kwa jinsi alivyoendesha. Alikuwa na pikapu ya zamani ya fo-wili, yenye umri wa kuwa kaka yake, aliyoikuta imetupwa ikiwa na miti inaota ndani ya boneti. Aliijenga upya kidogo kidogo, naye dada yake akamshonea viti. Jumapili wakitoka na wenye magari wenzao kwenda kwenye makorongo na mito, Kobe ndiye aliyefika wa mwisho na ndiye ambaye hakuwahi kuvutwa kwa kamba. Kabla ya kuvuka mto alishuka, akakunja suruali, akauvuka kwa miguu kwanza.

"Kobe, tutafika leo?" wenzake walimpigia kelele kutoka ng'ambo.

"Leo bado mbichi," aliwajibu, akiendelea kupapasa mawe kwa vidole vya miguu.

Mtu huyo ndiye waliyesema amekufa kwa mbio.

Gereji ile ilikuwa na desturi yake. Gari likifungwa breki mpya, linapakiwa mawe na kupelekwa kwenye mteremko wa machimbo ya zamani, na fundi aliyezifunga ndiye anayekaa pembeni ya dereva wakati wa kushuka. Ndiyo maana kiti cha abiria kiliitwa kiti cha fundi. Asiyethubutu kuikalia kazi yake, nani atamwachia gari? Siku ya kujaribu pikapu ya Kobe, watu waliwaona wakiondoka wawili, Kobe kwenye usukani na mwenye gereji pembeni yake. Huyo mwenye gereji walimwita Fundi Breki, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Alirudi peke yake, kwa miguu, ameshika kofia.

Mazishini alisimama karibu na jeneza. "Nilishuka juu pale nitazame tairi," alisema. "Nikamwambia ndugu yangu, nisubiri. Akaondoka kwa mbwembwe. Breki nilizifunga kwa mikono hii, zote nne, na Mungu ananisikia."

Watu wakaguna kwa huzuni. Shangazi alikuwa amemshika wifi yake, mke wa Kobe, na akausikia mwili wa yule mwanamke ukilegea kama gunia linalomwagwa. Tangu siku ile waliokuja kutoa pole hawakukosa kuongeza neno mlangoni. Wanaume na mbio zao. Angewafikiria watoto. Wifi aliacha kwenda ibadani kwa sababu ya macho ya watu. Mtoto wake mkubwa alirudi shuleni na shati limechanika kola, akakataa kusema aliambiwa nini.

Shangazi aliomba mabaki ya pikapu yaletwe nyuma ya banda lake. Walidhani anataka kuyauza vyuma. Kumbe kila akimaliza kushona, alivaa ovaroli la marehemu na kufungua boliti moja baada ya nyingine. Mkono wa gia ulikuwa umeganda kwenye gia ya tatu. Hilo lilimkalisha chini kwenye mchanga. Kobe alishuka hata kilima cha kwenda sokoni kwa gia ya kwanza. Gia ya tatu kwenye mteremko ule ni ya mtu aliyeagizwa apime breki.

Baadaye, akiwa amelala chali chini ya chesisi, aliona paipu nyembamba inayopeleka mafuta ya breki magurudumu ya nyuma. Ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa koleo, meno ya koleo yamejichapa juu ya chuma, kisha imepakwa grisi isionekane.

Alimwita Cheche, mchomeleaji wa jirani, mtu wa mizaha aliyekuwa rafiki wa Kobe. Cheche aliingia chini ya gari akipiga mluzi. Mluzi ukakatika.

"Silinda ya nyuma ilivuja," alisema polepole. "Hakuwa na nyingine. Akaiziba njia ili mafuta yasimwagike, akaliacha gari na breki za mbele tu. Na mawe yote yale nyuma? Zimechemka zikaachia." Alitoka, akajifuta mikono muda mrefu. "Ndiyo maana hakukaa kitini, Shangazi. Tuwaoneshe watu hii paipu."

"Atasema ilibonyea kwenye ajali. Ataapa tena."

"Sasa?"

"Kile kiapo chake nataka kimkabe mwenyewe kooni. Wewe nichomelee chesisi."

Wakaijenga. Cheche alinyoosha chesisi, akakata bati la mlango kutoka pikapu nyingine iliyokufa, na injini wakaifungua yote mezani pa kushonea. Shangazi alibadilisha kila kilichohitaji kubadilishwa, springi, usukani, breki za mbele. Paipu ya nyuma hakuigusa. Cheche alipomuuliza kama amerukwa na akili, alimwambia aendelee na kazi.

Alifundishwa kuendesha porini na Cheche huyohuyo, ingawa kwa kweli alikuwa ameshafundishwa miaka yote ile aliyokaa kiti cha pembeni akimcheka Kobe. Mwanzoni aliizamisha kwenye tope hadi mlangoni. Aliipandisha juu ya jiwe ikabaki inabembea kama meza mbovu, Cheche akakaa nyuma kuipa uzito huku akisema, "Uzuri wa kushiba, Shangazi, ndio huu." Akajifunza kuingiza fo-wili na ile gia nzito, ambayo injini yenyewe hulizuia gari, na kushuka mteremko mkali bila kugusa breki hata kidogo. Alirudia mpaka mguu wake ukasahau kuwa breki ipo.

Kila asubuhi alisali. Alipofika mahali pa kusamehe waliomkosea, aliparuka. Hakutaka kusema uongo mbele za Mungu, na hakutaka kusamehe.

Jumapili aliyoingoja, wenye magari walikusanyika machimboni, na mafundi wote walikuwepo. Shangazi alifika na pikapu imepakiwa mawe, rangi yake ileile ya kijani iliyopauka. Watu wakaizunguka, wakaipapasa. Wengine walifuta machozi. Fundi Breki naye alikuja akitabasamu.

"Shangazi umeifufua," alisema. "Mikono ya ukoo ule si ya mchezo."

"Imebaki kushushwa mteremko," Shangazi alisema. "Nimekushonea kiti chako. Karibu ukae."

"Mimi? Safari hii sijaifunga mimi."

"Mbele nimefunga mimi na Cheche. Nyuma sijagusa. Breki za nyuma ni zilezile zako, kama ulivyoziacha. Uliapa ni nzima, nikaona nisizichokonoe."

Tabasamu la Fundi Breki lilibaki usoni ila macho yakaondoka. Wenzake wakaanza kumtania. Mmoja akasema, "Panda mzee, au siku hizi unaogopa mikono yako?" Mwingine akamfungulia mlango. Angekataa vipi? Akapanda. Shangazi akamfunga mkanda mwenyewe, kama anavyofungwa mtoto.

Akasogea hadi ukingoni, pua ya gari ikainama, na bonde lote la mawe likawa mbele ya kioo. Breki ya mkono, ile inayokamata shafti, ndiyo iliyolishikilia. Akaingiza gia ya tatu.

"Dada, ya tatu ni kubwa," Fundi Breki alisema.

"Kobe ulimwambia ya ngapi?"

Jasho lilimtoka Fundi Breki chini ya kofia.

"Tunapima breki," Shangazi alisema, akaweka mkono juu ya breki ya mkono. "Tuombe kwanza? Wewe si huwa Mungu anakusikia."

"Usiachie."

"Kwa nini?"

"Usiachie, nakuomba. Nyuma hakuna breki."

"Umejuaje? Hujalala chini ya gari wala kulizunguka."

"Niliibana ile paipu." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtu anayenyongwa. "Spea haikuwa imefika. Nilijua atashuka polepole kama kawaida yake."

"Na gia ya tatu?"

"Niliona nikimwambia ashuke na ya kwanza atajua kuna kitu."

Shangazi akateremsha kioo. Watu walikuwa hatua chache tu. "Rudia," alisema. "Kwa ile sauti ya mazishini."

Akarudia. Alisema yote, paipu, koleo, gia, na kwamba Kobe hakuwa na haraka yoyote, na kwamba alimuuliza mara mbili kama breki ziko sawa. Hilo la mwisho Shangazi hakulijua. Kwa muda mfupi aliikamata breki ya mkono kama anayetaka kuiachia, na Cheche, aliyekuwa dirishani, alisema baadaye kwamba hapo ndipo yeye mwenyewe alipoogopa.

"Nifungulie nishuke," Fundi Breki alisema.

"Kaa. Kazi yako hii."

Aliingiza fo-wili, akaingiza gia nzito, akaachia. Pikapu ikaanza kushuka jiwe kwa jiwe, injini ikinguruma, mguu wa Shangazi ukiwa sakafuni mbali na breki. Kwa hofu Fundi Breki hakutambua hata gia iliyoingizwa, ingawa aliwafundisha wengine gia maisha yake yote. Alishikilia dashibodi kwa mikono miwili, akalia waziwazi, akataja jina la mama yake. Shangazi hakuongeza mwendo wala hakumtuliza. Walipofika kwenye jiwe alilogonga Kobe, lililobaki na rangi ya kijani ubavuni, alisimama, akamfungulia mkanda.

"Shuka. Panda kwa miguu, uwatazame usoni mmoja mmoja."

Alimtazama kwenye kioo cha pembeni akipanda, akiteleza, akishika chini. Alingoja ile furaha aliyoiota muda wote ule. Ilikuja, na ilikuwa tamu, hakumficha Mungu hilo. Ila haikujaza mahali pote.

Hakupanda kuwasikiliza waliokuwa juu. Alitokea upande wa pili wa machimbo, akaenda moja kwa moja kwa wifi yake. Alimkuta uani anafua. Akamwambia kila kitu akiwa bado amesimama, na vumbi usoni.

Wifi aliendelea kusugua shati la mtoto mpaka liliposemwa lile la kuuliza mara mbili. Akaliacha lizame kwenye beseni.

"Alimuuliza?"

"Mara mbili."

"Akamwambia ziko sawa?"

"Akamwambia ziko sawa."

Wifi alijifuta mikono kwenye kanga, akaenda kuwaita watoto ndani. Wakatoka wakapangana ukutani, yule mkubwa mbele.

"Waambie," alisema. "Anza mwanzo, wifi, na usiruke kitu."