Sindano Niliyoiita Asali

Jamani, mimi nimewahi kuvuliwa nguo mbele ya mama mkwe bila kufunguliwa hata kifungo cha shati, na nawasimulia leo kwa kuwa mwenyewe amepona na ananicheka, lakini siku ile ningeona shimo ningeingia.

Nauza asali inayotoka kijiji cha Ipole hapa Tabora mjini, na nilikuwa mwembamba wa kuchekwa na mashemeji, basi jamaa mmoja wa jimu ya kunyanyua vyuma kule mtaa wa Ipuli akaniambia zipo sindano za homoni za kiume, ukichoma kidogo tu kifua kinajaa, nikachoma (kidogo ikawa kila wiki), na kweli kikajaa, na watu walipoanza kuuliza nakula nini nikajibu, "Asali!" Jibu likaniuzia ndoo kwa ndoo, na kichwa kilipoanza kuniuma nikasingizia jua.

Kumbe mama mkwe, ambaye damu ilikuwa ikimpungua, naye kasikia, akaweka kando vidonge vya hospitali akashika asali yangu, mpaka akaanguka jikoni. Ukoo mzima tukajaa hospitali kumtolea damu, mimi nikatangulia kupimwa, kifua mbele, mashemeji wanatazama.

Daktari, dada mmoja mpole, akatufuata pale tulipomzunguka mgonjwa. "Kaka, damu yako nzito kupita kiasi, hatuichukui. Unatumia dawa gani?"

"Asali tu, daktari." (Ulimi huu!)

Mama mkwe akafumbua macho. "Si niliwaambia? Mimi sitaki damu za watu. Nileteeni asali ya mkwe wangu."

Mke wangu akambembeleza, daktari akambembeleza, mama kageukia ukutani, midomo imepauka, pumzi inakatika, nami nikaelewa kwamba nikinyamaza nitamzika. Sasa kumbukeni, mimi na mama mkwe tunaheshimiana kiasi kwamba hata sahani moja hatujawahi kula, halafu nianze kumweleza habari za uanaume!

"Mama, si asali," nikasema nikitazama sakafu. "Nachoma sindano. Za homoni za kiume."

Daktari naye, Mungu amsamehe, akaona hapo ndipo pa kufundishia: "Basi ndiyo sababu. Homoni hizo zinafika hadi kwenye uboho, ndani ya mifupa, zinachochea zile chembe mama zinazozaa damu, nayo inazidi, inakuwa nzito, inaweza kuganda ukapooza. Na korodani zinasinyaa, kaka. Hujaona?"

Nimeona, nikavuta shati lishuke mbele ya suruali.

Mama mkwe akajifunika khanga usoni, mabega yakaanza kutikisika, nikajua namliza, kumbe anacheka, tena kwa pumzi ile ile ya kuazima. "Haya, niwekeeni hiyo damu," akasema, "mkwe wangu keshaaibika ya kutosha."

Akawekewa ya shemeji. Kesho yake midomo ilikuwa na rangi, anaulizia uji, nami nikatoka nje nikalia kama mtoto kwa furaha. Sindano nikaacha, damu yangu ikarudi kawaida, kifua nacho kikarudi kwao.

Kirudi tu. Naapa sitaki tena mwili ambao siwezi kuuelezea mbele ya mama mkwe.